Waliopunguzwa tumbo waelezwe lishe kwa lugha waielewayo

Neno tumbo katika Kiswahili limetwishwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Ndilo jina la sehemu ya mwili ionekanayo kwa nje, ile ambayo kwa baadhi yetu humtangulia mwenyewe mlangoni. Ndilo jina la mfuko wa ndani unaopokea chakula. Na ndilo tulitajalo tusemapo kuwa fulani na fulani ni wa tumbo moja. Kwa kawaida wingi huu wa maana haumdhuru mtu, kwani muktadha huamua. Hata hivyo, limezuka jambo ambalo muktadha umeshindwa kuliamua, nalo ni ule upasuaji ambao watu wa Matungu, kama Wakenya wengine, huuita "kupunguza tumbo".

Mwezi wa Oktoba 2024 nchi ilishtushwa na kifo cha mwanamke mmoja jijini Nairobi, aliyefariki baada ya kufyonzwa mafuta mwilini katika kituo cha kibinafsi cha urembo. Mjadala uliofuata ulivichanganya vitu viwili. Kufyonza mafuta hakuugusi mfuko wa chakula hata kidogo. Ni kazi ya kurekebisha umbo. Upasuaji ninaouzungumzia hapa ni tiba ya maradhi. Katika aina yake moja, daktari huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba mfano wa ndizi. Katika aina ya pili, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, hutengwa kifuko kidogo kama yai na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo.

Wala si kila mnene anayestahili kisu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka wa 1991 ulitaka uwiano wa uzito kwa urefu usiopungua 40, au 35 kwa mwenye maradhi makubwa yanayotokana na unene. Kwa mwanamke mwenye urefu wa sentimita 160, hiyo 40 ni kilo 102 hivi. Mwaka wa 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo viliteremsha kiwango hadi 35, awe mtu ana maradhi mengine au hana. Tusidhani basi kuwa hili ni suala la matajiri wa mijini pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka wa 2014 uligundua kuwa takriban thuluthi moja ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliopita kiasi.

Jamaa yangu mmoja, mwalimu mwenye kisukari, alifanyiwa upasuaji wa aina ile ya pili jijini kwa mkopo wa chama cha ushirika. Wiki tatu baadaye alirejea Matungu ili auguzwe na mama mkwe wake. Mkobani alikuwa na maagizo ya lishe, kurasa mbili za Kiingereza kitupu, nami nikaombwa nizifasiri. Nilitarajia kutatizwa na istilahi. Kilichonitatiza ni vyakula vyenyewe: brokoli, jibini la majimaji, unga wa protini wa makopo. Aliyeyaandika hakuwa na mama wa Matungu akilini, wala mwalimu mwenye mkopo.

Ilhali kanuni zenyewe ni nyepesi kueleza. Takriban wiki mbili za kwanza mgonjwa hunywa tu, kidogo kidogo. Kisha huja wiki kadhaa za vyakula vilivyopondwa hadi vikawa laini, na kwa kawaida ni baada ya wiki ya sita au ya nane ndipo hurudia chakula kigumu, kwa vijiko vya kuhesabika. Hanywi wakati anapokula. Husubiri kama nusu saa. Kwetu, ambako chai na chakula ni mtu na nduguye, agizo hilo dogo ni gumu kuliko yote.

Kila kanuni kati ya hizo inatimizika kwa vitu vya Matungu. Uji wa wimbi mwepesi uliochujwa, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta, maziwa lala yasiyotiwa sukari, yai laini, maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa maganda, omena iliyosagwa ikawa unga: mtaalamu wa lishe anayelijua soko la Koyonzo angeijaza karatasi nzima bila kutaja brokoli. Mgonjwa huhitaji kiasi cha gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, na yai moja lina gramu 6 hivi. Mwenye kifuko cha ukubwa wa yai ataufikiaje mzigo huo? Kwa kuanza na mboga ya protini na kukiacha cha wanga mwisho, ikiwa nafasi imebaki. Ni bahati njema kwamba ile mila iliyomkataza mwanamke wa Kiluhya kuonja nyama ya kuku imejifia.

Hapo ndipo penye mgogoro, maana cha wanga chetu ni obusuma, yaani ugali, na kwa Mluhya asiyekula obusuma hajala, hata akimaliza kuku mzima. Ugali wa mapema hugandamana na kukwama katika mlango mpya wa tumbo, ukarudi ulikotoka. Jamaa yangu alitapika siku nne mfululizo. Mama mkwe, kwa mapenzi tele, alizidi kumhimiza: "Jikaze mwanangu, kula upate nguvu." Mkwe atamkatalia vipi mama mkwe chakula alichokisonga kwa mikono yake? Kukataa sahani ni kumkataa mpishi. Wala hapana aliyejua kuwa kutapika mfululizo baada ya upasuaji huu kunaweza kuumaliza mwili vitamini B1, na kwamba upungufu huo huweza kuudhuru ubongo. Hiyo ni sababu ya kurudishwa hospitalini upesi, si ya kuongezewa sahani. Bahati nzuri alifikishwa kwa daktari kwa wakati.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la lugha moja kwa moja. Kunenepa, katika maongezi yetu, ni sifa. Mtu aliyetoka Nairobi akaambiwa "umenawiri" hutabasamu. Kukonda, kwa upande wake, ni neno la msiba. Mwaka wa 1985 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala kuhusu ugonjwa mpya uliozuka kusini mwa Uganda, nao wenyeji walikuwa wameupa jina la Slim, neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Ulikuwa Ukimwi. Sisi tuliokulia karibu na mpaka ule tulirithi hofu pamoja na jina. Hivyo basi, mtu anayepungua makumi ya kilo kwa miezi michache, na ambaye nywele zake hunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita (hali ambayo kwa kawaida hupita), hutangaziwa ugonjwa matangani kabla hajaketi. Jamaa yangu aliacha kwenda kanisani kwa muda. Sioni ajabu. Afadhali mnong'ono kuhusu kisu kuliko ule mwingine, lakini yeye hakutaka hata mmoja.

Matungu, isitoshe, ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka wa 2019, lakini mua haukuondoka shambani, wala sukari nguru sokoni, wala vijiko vitatu katika kikombe cha chai. Kwa aliyeunganishwa utumbo, sukari nyingi humiminika ndani kwa kasi: moyo hwenda mbio, jasho humtoka, kichwa humzunguka, kisha tumbo huendesha. Kutafuna mua njiani kutoka shule kunaweza kumlaza mtu mzima kando ya barabara. Busaa nayo, na hasa chang'aa, humlevya upesi kuliko zamani.

Mengine nayataja kwa ufupi tu kwa kuwa daktari ndiye mwenye uwanja. Dawa za maumivu zinazouzwa dukani bila cheti, kama vile ibuprofeni, huweza kumtia vidonda vya tumbo. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na ajihadhari, kwa maana kupungua uzito huweza kuuamsha uzazi uliolala. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha yote, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Mwalimu anayelipa mkopo huanza kuvikosa vidonge hivyo mwaka wa pili, wakati ambapo kila mtu anamwona amepona.

Tafsiri yangu ilitoka ukurasa mmoja na nusu. Mama mkwe hasomi. Husomewa na mjukuu wa gredi ya sita kila asubuhi kabla moto haujawashwa. Alinikatiza mara moja tu, akataka kujua gramu ni nini. Tukalifuta neno hilo, na mahali pake, palipohusu samaki na kuku, tukaandika "kiasi cha kiganja chako bila vidole".