Sauti ya Mnyonge na Kalamu ya Mgeni: Suala la Lugha katika Vitabu vya Ryszard Kapuściński

Utangulizi

Mwaka wa 1978 vilichapishwa vitabu viwili, kimoja Warsaw na kingine Dar es Salaam, na vyote viwili vyahusu kasri iliyoanguka pamoja na watumishi waliokuwa wakiishi kwa makombo ya kasri hiyo. Cha kwanza ni Cesarz cha Ryszard Kapuściński, mwandishi wa habari kutoka Poland, kinachosimulia mwisho wa enzi ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Cha pili ni Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Adam Shafi kuhusu bwana shamba wa Unguja aliyeng’olewa na Mapinduzi ya mwaka wa 1964. Kitabu cha kwanza kilifasiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1983 kwa jina la The Emperor, nacho kikamfanya mtunzi wake awe mashuhuri duniani. Cha pili kimebaki zaidi mikononi mwa wasomaji na wanafunzi wa Kiswahili.

Makala haya hayakusudii kupima ni kipi kati ya vitabu hivyo kilicho bora. Nia yake ni kuchunguza jambo moja ambalo wahakiki wa kazi za waandishi wa habari wa kigeni aghalabu hulipita bila kulitazama, nalo ni lugha. Mwandishi mgeni anapotuletea maneno ya mtumishi, mchuuzi au mfagiaji aliyeishi katika wakati wa misukosuko ya kisiasa, maneno hayo yalisemwa kwa lugha gani? Ni nani aliyeyafasiri? Na katika safari hiyo kutoka kinywani hadi kitabuni, ni kitu gani kilichopotea na ni kitu gani kilichoongezwa? Tutadai kwamba bila ya kuyauliza maswali hayo hatuwezi kukitumia kitabu cha namna hii kama ushahidi, hata kiwe kizuri namna gani.

Mwandishi na kazi yake

Kapuściński alizaliwa mwaka wa 1932 katika mji wa Pinsk, uliokuwa wakati huo sehemu ya Poland na ambao leo umo nchini Belarus. Alikuwa mtoto wa miaka saba jeshi la Kisovieti lilipoingia mjini humo mwaka wa 1939, na katika kitabu chake Imperium, kilichotoka mwaka wa 1993, anaieleza hofu ya siku zile kama alivyoiona mtoto wa shule. Hapana shaka kwamba mambo hayo ya utotoni yalimfundisha mapema kuwa historia huingia nyumbani mwa watu bila ya kubisha hodi.

Mwaka wa 1962 Shirika la Habari la Poland lilimtuma Dar es Salaam awe mwakilishi wake, na baadaye akahamia Nairobi. Shirika lenyewe halikuwa na fedha nyingi, na mtu mmoja alitakiwa aziangalie nchi nyingi kwa pamoja. Kazi yake ikagawanyika katika sehemu mbili. Upande mmoja zilikuwapo simu fupi za habari zilizopelekwa Warsaw kila zilipohitajika: nani kapindua, nani kauawa, nani kaapishwa. Upande wa pili yalikuwapo mambo ambayo hayakuweza kuingia katika simu hizo, kama vile joto, foleni, uvumi, njaa na kungoja. Mambo haya ya pili ndiyo yaliyozaa vitabu vyake.

Katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1998, na ambacho kwa Kiingereza kinaitwa The Shadow of the Sun, anasimulia jinsi alivyougua malaria kali na kisha kifua kikuu akiwa Afrika Mashariki. Kwa kuwa hakuwa na fedha za matibabu, wala hakutaka kurudishwa kwao, alikwenda kuchomwa sindano katika zahanati ya watu wa kawaida jijini Dar es Salaam. Anaeleza kwamba ugonjwa ule, uliomshusha hadhi ya Mzungu, ndio uliomkaribisha kwa watu. Nasi yatupasa tuongeze jambo moja: lugha ya foleni kama ile ilikuwa Kiswahili. Urafiki wake na watu wa zahanati unatufikia katika Kipolandi, na kisha katika Kiingereza. Lugha ambayo wenyeji wa mahali pale waliitumia kupeana pole haionekani kitabuni ila kama kivuli.

Nguvu ya masimulizi yake

Haki yataka tutaje kwanza yale ambayo Kapuściński aliyafanya vizuri. Katika kitabu cha mwaka wa 1976 kuhusu Angola, kiitwacho Another Day of Life kwa Kiingereza, hatuanzi na viongozi wa vyama vitatu vilivyokuwa vikipigania mamlaka. Tunaanza na misumari na mbao. Luanda ya mwaka wa 1975 ni mji wa Wareno wanaofungasha. Kila aliye na mali anatafuta makasha ya kuitia. Matajiri wana makasha makubwa kama nyumba, na maskini wana visanduku vyao. Polisi wanaondoka, wazima moto wanaondoka, wazoa taka nao wanaondoka, na mbwa wa kifahari walioachwa na mabwana zao wanarandaranda barabarani. Kati ya waliobaki yumo Dona Cartagina, ambaye kazi yake ni kusafisha vyumba vya hoteli anamokaa mwandishi, naye anaendelea kuvisafisha. Msomaji anaelewa kuanguka kwa utawala wa miaka mingi bila ya kuhubiriwa.

Hali ni hiyo hiyo katika kitabu chake cha mwaka wa 1982 kuhusu Iran, Shah of Shahs. Maelfu ya kurasa yameandikwa juu ya sababu za mapinduzi ya mwaka wa 1979. Yeye anamweka mbele yetu polisi mmoja na mtu mmoja aliyesimama ukingoni mwa umati. Polisi anamkaripia aende zake nyumbani, kama alivyozoea kuwakaripia wengine. Mtu yule hatoki. Anasimama tu, na polisi anasita. Kwa Kapuściński mapinduzi yaanza pale hofu inapomtoka mtu huyo mmoja asiye na jina. Huo ni ufahamu mkubwa, na sioni kwamba wataalamu wa siasa wamelieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Lakini tuangalie kwamba katika mifano hiyo yote nguvu ya maelezo inatokana na kutazama. Makasha yanaonekana, kusimama kwa mtu yule kunaonekana. Mambo hayo hayahitaji mkalimani. Shida yaanza pale mnyonge anapofungua kinywa.

Watumishi wa Mfalme walisema lugha gani?

The Emperor ni kitabu cha kusikia. Haile Selassie alipinduliwa tarehe 12 Septemba 1974, na Kapuściński asema aliwatafuta kwa siri watumishi wa kasri waliokuwa wamejificha mjini Addis Ababa, akawasikiliza usiku kwa usiku akisaidiwa na mwongozi Mwethiopia. Kitabu karibu chote ni maneno yao. Yumo aliyekuwa akifuta viatu vya waheshimiwa kwa kitambaa cha atlasi baada ya mbwa mdogo wa Mfalme kuvikojolea. Yumo mchukuzi wa mito, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma mto chini ya miguu ya Mfalme ili isining’inie hewani kila alipoketi katika kiti cha enzi. Wote wametajwa kwa herufi za mwanzo tu za majina yao, kwa kuwa hatari ilikuwapo. Sababu hiyo yakubalika. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba hakuna awezaye kurudi kwa shahidi hata mmoja na kumwuliza.

Kapuściński hakujua Kiamhari. Watumishi hao walisema lugha ambayo ina viwakilishi vya heshima vilivyopangwa kwa makini, na ambayo ina mapokeo ya usemi wa maana mbili yaitwayo sem-enna werq, yaani nta na dhahabu. Istilahi hiyo imetokana na kazi ya masonara: nta ni umbo la nje linaloyeyuka, na dhahabu ni maana inayobaki ndani. Sisi tuliolelewa katika mafumbo ya Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa zaidi. Mtumishi anayemsifu kupita kiasi bwana aliyeanguka, tena mbele ya mgeni, huenda anasifu, huenda anaomboleza, na huenda anadhihaki. Mwenye kuijua lugha ndiye awezaye kupambanua, naye hupambanua kwa kiimbo, kwa uteuzi wa kiwakilishi, na kwa kile kilichoachwa bila ya kusemwa.

Katika kitabu tofauti hizo hazipo. Msomaji makini atatambua kwamba mfuta viatu, mchukuzi wa mito na karani wa wizara wote wanasema kwa sauti moja: ya unyenyekevu, ya madaha, yenye sifa zilizolundikwa. Sauti hiyo Kapuściński aliiunda kutokana na Kipolandi cha kale, kwa kutumia maneno ambayo watu wa nchi yake walikuwa wameyaacha karne nyingi zilizopita. Wasomaji wa Warsaw waliielewa mara moja. Chini ya utawala wa chama kimoja na wakaguzi wa maandishi, walikiona kitabu hicho kuwa picha ya watawala wao wenyewe na wapambe wao. Kwa lugha ya Waethiopia twaweza kusema kwamba nta ilitoka Addis Ababa, lakini dhahabu ilikuwa ya Warsaw.

Kama fumbo la Kipolandi, kazi hiyo ni ya kipaji cha hali ya juu. Taabu ni kwamba ilipofasiriwa haikusomwa kama fumbo la Poland bali kama habari za Ethiopia. Mwaka wa 2001 John Ryle, mtaalamu Mwingereza wa mambo ya Afrika, alizitaja dosari nyingi za mwandishi huyu, pamoja na malalamiko ya Waethiopia waliosema kwamba desturi kadhaa za kasri zilizotajwa hawakupata kuziona. Mfano mmoja unatosha. Kitabuni inadaiwa kwamba Mfalme hakuutumia uwezo wake wa kusoma wala hakuandika chochote. Hali yajulikana kwamba Haile Selassie, alipokuwa uhamishoni Uingereza katika miaka ya 1930, alitunga tawasifu kwa Kiamhari, na juzuu yake ya kwanza ilitolewa kwa Kiingereza na Edward Ullendorff mwaka wa 1976, yaani miaka miwili kabla ya Cesarz. Mwaka wa 2010 Artur Domosławski, Mpolandi mwenziwe aliyemheshimu sana, alitoa wasifu wa Kapuściński na kuonyesha kwamba mpaka kati ya habari na ubunifu ulivukwa mara nyingi katika vitabu vyake.

Upande wa pili wa kasri

Ama Kasri ya Mwinyi Fuad, kazi hiyo yakiri tangu mwanzo kwamba ni riwaya. Haidai kwamba Kijakazi, mtumishi aliyezeekea katika utumishi wa Fuad, alipata kuishi. Lakini Kijakazi anaposema, tunasikia heshima ya mtu aliyefunzwa kunyenyekea kwa Kiswahili, katika jamii ambamo kila njia ya kumwita mtu yaonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Utiifu wake kwa bwana anayemdhulumu haukutafutwa katika kamusi ya kale. Umo katika lugha yenyewe. Hatusemi kwamba riwaya hii haina upande. Inayatetea Mapinduzi waziwazi, na mtu aliyepoteza jamaa zake Januari ile ana haki ya kuisoma kwa uchungu. Tunachosema ni kwamba msomaji wa Kiswahili anazo nyenzo za kuihukumu, kwa sababu lugha ya kitabu ndiyo lugha ya watu wanaosimuliwa. Kapuściński naye alifika Unguja siku chache baada ya tarehe 12 Januari 1964, na maelezo yake ya safari hiyo yanasisimua. Lakini mengi ndani yake ni ya waandishi wa kigeni wakitafuta ndege, ruhusa na mashua. Wenyeji wanapita kwa mbali.

Hitimisho

Je, tuvitupe vitabu hivi? La. Mwanafunzi asiyekijua kisa cha makasha ya Luanda atakuwa amepungukiwa. Ila tunapovifundisha tumzoeze kuuliza maswali matatu kila mnyonge anaponukuliwa: amesema kwa lugha gani, nani kafasiri, na je, sauti yake yatofautiana na sauti ya jirani yake? Pale ambapo watu kumi wanasema kwa sauti moja, anayesema ni mwandishi.

Jambo la pili latuhusu sisi wenyewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakahama makwao. Ripoti ya tume iliyochunguza ghasia hizo, iliyotolewa mwaka wa 2008, iliandikwa kwa Kiingereza, na waandishi wa kigeni nao waliandika kwa lugha zao. Waliochomewa nyumba walilia kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu, kwa Kikalenjin, kwa Kijaluo. Idara zetu zina wanafunzi wanaozisema lugha hizo zote, nao kila mwaka hutafuta mada za tasnifu. Waende wakayanase maneno hayo kama yalivyosemwa, na jina la lugha na la mkalimani yaandikwe kando ya kila ushuhuda. Hemedi bin Abdallah hakungoja mgeni aje kusimulia vita vya pwani dhidi ya Wajerumani. Alivitungia utenzi kwa Kiswahili, watu walioviona wakiwa bado hai. Walioyaona ya mwaka wa 2008 wangali hai pia, lakini hawatakuwa hai daima.