Kabla ya kumfunga mtoto nyaya za meno, ujue hali ya mfupa wa taya



Katika safu yetu ya afya na usafi, leo tunazungumzia jambo ambalo wazazi wengi hulikuta ghafla mbele ya daktari. Mtoto ana miaka 12 au 13, meno yake ya mbele yamepandana, au ya juu yametokeza hata mdomo haufungi vizuri. Unampeleka kwa daktari wa meno, naye anasema afungwe nyaya, lakini kwanza apigwe picha. Pengine anataja eksrei ya kawaida, pengine anataja CT-Scan, na anaeleza kuwa anataka kuona hali ya mfupa. Wewe uliyetoka Mkokotoni kwa daladala, au uliyevuka kwanza kwa boti kutoka Tumbatu, unabaki ukijiuliza: Je, picha hii ni ya lazima? Ina madhara? Na daktari anatafuta nini katika mfupa wakati kilichopinda ni jino?

Maswali haya ni ya haki, na majibu yake yanaweza kuokoa meno ya mwanao na fedha zako. Tatizo lenyewe si la watu wachache. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14 katika wilaya za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam. Asilimia 63.8 walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Si wote waliohitaji nyaya, kwani kasoro nyingi ni ndogo na hazimzuii mtu kula wala kusema. Lakini wako ambao kasoro zao huwaletea shida ya kutafuna, meno kusagana, au meno ya mbele kuvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka.

Jino halikupigiliwa kama msumari

Watu wengi hudhani kuwa nyaya hulivuta jino kama koleo linavyovuta msumari. Sivyo. Jino limekaa ndani ya shimo la mfupa wa taya, na baina ya mzizi na mfupa pana utando mwembamba wenye nyuzi na mishipa ya damu. Waya unapolisukuma jino upande mmoja, utando hubanwa upande huo na kuvutwa upande wa pili. Palipobanwa, mwili hutuma seli zinazomega mfupa. Palipovutwa, hutuma seli zinazojenga mfupa mpya. Mtafiti wa Sweden, Carl Sandstedt, alilionesha jambo hili kwa hadubini katika majaribio ya wanyama aliyoyachapisha mwaka 1904.

Fikiria mti wa uzio wa kuvulia samaki uliochomekwa kwenye mchanga wa pwani. Ukiusukuma polepole, mchanga hupisha mbele na kujaza nyuma, na mti hubaki umesimama. Ukiusukuma kwa pupa, utalegea au utavunjika. Ndivyo ilivyo kwa jino. Mwendo wake wa kawaida ni takriban milimita 1 kwa mwezi. Anayemwambia daktari "nikazie nimalize haraka" anaomba hatari, kwa sababu nguvu kubwa huweza kuua sehemu ya ule utando, kuchelewesha jino badala ya kuliharakisha, na hata kuufupisha mzizi.

Hapa ndipo hali ya mfupa inapoingia. Mfupa uliojaa madini mengi humegwa taratibu, hivyo jino huenda polepole. Mfupa mwepesi hupisha upesi, lakini nao unaweza kushindwa kulishika jino imara. Kiasi cha madini kilichojaa katika kipande cha mfupa ndicho wataalamu wanachokiita msongamano wa mfupa. Hautofautiani kwa mtu na mtu tu, bali hata ndani ya kinywa kimoja: kwa kawaida mfupa wa taya la chini ni mzito kuliko wa taya la juu.

Picha inaupimaje mfupa?

Mionzi ya eksrei hupita kwa urahisi mahali pepesi na huzuiwa mahali pazito. Ndiyo maana mfupa huonekana mweupe na hewa huonekana nyeusi. Picha ya panorama, ile inayoonesha mataya yote mawili kwa pamoja, humwonesha daktari mengi: meno yaliyofichika, mizizi, mashimo ya meno, na mfupa ulioliwa na ugonjwa wa fizi. Pamoja na picha ya fuvu inayopigwa kwa ubavu, kwa watoto wengi hiyo inatosha kupanga matibabu.

Hata hivyo, picha hizi haziwezi kukupa kipimo cha kuaminika cha msongamano. Weupe wake hubadilika mashine ikiongezwa au kupunguzwa nguvu, na kila kilichopo mbele na nyuma hulaliana kwenye picha moja. Ili kupima, watafiti walizoea kuweka kipande cha alumini chenye ngazi za unene unaojulikana pembeni mwa filamu, kisha wakalinganisha weupe wa mfupa na wa alumini.

Mabadiliko makubwa yalikuja na CT-Scan, iliyopiga picha ya mgonjwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Mwingereza Godfrey Hounsfield na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi hiyo. Mashine hii hukata picha vipande vipande na kukipa kila kipande namba. Katika kipimo cha Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni kasoro 1,000. Kwa mfupa wa taya, madaktari wanaopandikiza meno ya bandia wana mgawanyo wao: zaidi ya 1,250 ni mfupa mgumu sana, 850 hadi 1,250 ni mzuri, 350 hadi 850 ni wa wastani, na 150 hadi 350 ni mwepesi.

Namba isichukuliwe kama hukumu

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 imeenea mashine nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya meno, ambayo mionzi yake hutoka kwa umbo la koni. Ni ndogo na kwa kawaida hutumia mionzi michache kuliko CT-Scan ya hospitali. Kwa vipimo vya urefu na unene ni nzuri sana. Lakini katika msongamano ina udhaifu. Namba zake hufanana na zile za Hounsfield, na sizo. Mfupa uleule unaweza kupata namba tofauti kwa mashine mbili, au hata kwa mashine moja iliyowekwa tofauti. Vyuma vilivyomo mdomoni huzidi kuzivuruga. Kwa hiyo ukiambiwa "mfupa wa mwanao ni namba fulani" kutokana na mashine hii, usifurahi sana wala usihuzunike sana. Ni dalili ya kusomwa pamoja na mambo mengine.

Faida yake kubwa ni kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake, kwa mashine ileile. Watafiti wa Taiwan walifanya hivyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Kwa wagonjwa 8, mfupa unaozunguka meno ulipungua msongamano kwa takriban robo baada ya miezi 7 ya nyaya. Wagonjwa ni wachache, lakini matokeo yanakubaliana na tulivyoeleza: jino linalotembea limezungukwa na mfupa unaomegwa na kujengwa, na kwa kipindi hicho mfupa huo ni laini.

Jambo hili lina maana kubwa kwako mzazi. Siku nyaya zinapotolewa, meno yamenyooka lakini mfupa bado haujakomaa. Mtoto akikataa kuvaa kile kifaa cha kushikilia meno, ambacho madaktari hukiita riteina, meno huanza kurudi yalikotoka, na gharama yote imepotea.

Nani anahitaji picha kubwa?

Si kila mtoto. Wanaonufaika zaidi ni hawa: mwenye jino lililofichika ndani ya mfupa, hasa chonge la juu, likihofiwa kula mizizi ya jirani; aliyezaliwa na mdomo sungura, ambaye mfupa wa ufizi wake hupandikizwa kabla chonge halijaota; anayetarajiwa kuwekewa skrubu ndogo za kuvutia meno, kwani ganda la nje la mfupa linatakiwa liwe na unene wa angalau milimita 1; na mtu mzima ambaye ugonjwa wa fizi umeshakula mfupa wake.

Ama kuhusu mionzi, kipimo chake ni sievati. Mwanadamu popote alipo hupata mionzi ya asili, kwa wastani wa dunia milisievati 2.4 kwa mwaka. Panorama moja hulingana na mionzi ya asili ya siku chache tu. Picha ya koni huwa zaidi ya hapo, mara nyingine mara nyingi zaidi, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo linalopigwa. Mwili wa mtoto huathirika kwa mionzi kuliko wa mtu mzima, hivyo kanuni ni moja: picha ipigwe pale tu jibu lake litakapobadilisha matibabu, na kwa kiasi kidogo kinachotosha. Mwanamke mjamzito amjulishe daktari mapema. Aidha, usishtuke usipovishwa joho la risasi, kwani mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri kuwa si la lazima tena kwa picha za meno. Nchini kwetu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ndiyo yenye dhamana ya usalama wa mionzi.

Piga hesabu ya safari

Nyaya kwa kawaida hukaa miezi 18 hadi 24, na daktari hutaka kumwona mgonjwa kila wiki 4 hadi 8. Kwa wiki 6, miaka miwili ni safari 17 za kwenda mjini na kurudi. Mtu wa Tumbatu aongeze boti, na siku ambazo kusi imechafua bahari. Mtoto naye atakosa skuli siku hizo.

Tunalisema hili kwa sababu nyaya zilizofungwa na kuachwa ni hatari kuliko meno yaliyopinda. Waya ambao hauangaliwi huendelea kusukuma pasipotakiwa, chakula hukwama, meno hutoboka, na fizi zilizovimba huanza kula mfupa uleule uliopimwa kwa gharama. Kama hesabu ya safari haikubali mwaka huu, subiri. Meno huweza kupangwa hata ukubwani maadamu mfupa na fizi ni vizima, ingawa huchukua muda zaidi. Wakati wa kusubiri, kung'oa meno yaliyooza, kuziba matundu na kusafisha fizi kunaweza kuanzia katika kituo cha karibu chenye huduma ya meno.

Kazi ya nyumbani

Mfupa wa taya hulindwa kila siku jikoni na uani. Mswaki wa mti ni mzuri, lakini penye nyaya hautoshi peke yake. Ongeza brashi laini na dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambao wapwa wa Mkokotoni hawawakosi, wana madini ya chokaa yanayojenga mfupa, na mtindi vilevile. Mwenye nyaya aepuke kokwa za ubuyu, kashata na kutafuna miwa, kwani huvunja vifaa, na apunguze halua inayonatia. Tumbaku na ugoro huharibu fizi. Mwenye kisukari ahakikishe kimedhibitiwa. Na mtu mzima anayetumia dawa za kuimarisha mifupa amwambie daktari kabla ya jino kuguswa, kwani baadhi ya dawa hizo huzuia mfupa kumegwa na jino hukataa kutembea.

Wapo wanaouliza kuhusu dini. Hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inakemea kuachanisha meno kwa ajili ya urembo. Maulamaa wengi hutofautisha baina ya hilo na kutibu kasoro au kuondoa madhara, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Kuhusu udhu, kwa madhehebu ya Shafi kusukutua ni sunna, na nyaya hazimzuii mtu kusukutua.

Maswali ya kumuuliza daktari

1. Picha hii inajibu swali gani ambalo panorama haikulijibu?
2. Itapigwa taya zima au eneo dogo tu?
3. Ipo picha ya karibuni inayoweza kutumika tena?
4. Fizi na mfupa wa mwanangu viko tayari kwa nyaya, au kuna tiba ya kutangulia?
5. Baada ya nyaya, riteina itavaliwa kwa muda gani, na gharama yake imo katika bei uliyonitajia?

Picha zote zihifadhi, na siku ya safari uzichukue. Daktari mwaminifu hakasiriki kuulizwa, na mzazi aliyeuliza hatojuta kwa nauli aliyoitoa. Meno ya mtoto ni amana, na mfupa unaoyashika ni amana iliyofichika zaidi.