Mwalimu Anayetaka Shahada ya Uzamili na Mkopo wa Riba

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ametuuliza dada yetu, mwenyeji wa Pemba anayesomesha Daraja Mbili, Arusha, kwa miaka 15 sasa: anataka kusoma shahada ya uzamili ya mitaala na ufundishaji, na benki iko tayari kumkopesha kwa riba. Je, dharura haimruhusu?

Haja yake tunaielewa. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umewakuta walimu wazoefu wakitakiwa kufanya mambo ambayo hawakuyasoma chuoni. Fani hii inafunza kipi kisomeshwe, kwa mpangilio gani, na mwanafunzi apimwe vipi. Walimu wetu wa madrasa nao wanaihitaji, ingawa wengi wetu hatupendi kuambiwa.

Lakini haja si dharura. Dharura ni ile ambayo mtu akiikosa huangamia au hukaribia kuangamia, naye ana kazi na mshahara. Riba iliyoharamishwa katika al-Baqara, aya ya 275, haihalaliki kwa ada ya chuo.

Njia zipo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, kina kituo Arusha. Atasoma huku anafanya kazi, ada aitoe katika mshahara. Au aende benki ya Kiislamu, ila ausome mkataba: benki inunue huduma ya masomo chuoni, kisha imuuzie kwa bei inayojulikana, isiyoongezeka akichelewa. Ikimpa fedha taslimu na kudai zaidi, hiyo ni riba hata ikipewa jina la Kiarabu.

Wallahu a'lam.