Upasuaji wa Uvimbe wa Pafu: Kabla ya Kisu na Baada Yake

Uvimbe wa pafu huondolewa kwa upasuaji pale tu unapokuwa haujasambaa, na pale ambapo sehemu ya mapafu itakayobaki itamtosha mgonjwa kupumua. Kwa mkazi wa Murangi, kando ya Ziwa Victoria, sharti la kwanza ndilo gumu zaidi. Kikohozi kisichokoma, makohozi yenye damu, homa na kukonda ni dalili za kifua kikuu vilevile, ugonjwa unaofahamika sana katika mkoa wa wavuvi na wachimbaji dhahabu. Wapo wanaoanzishiwa dawa bila vimelea kuonekana, wakameza kwa miezi 6 huku uvimbe ukizidi kukua. Makohozi yasipoonyesha vimelea na dawa zisipoleta nafuu, mgonjwa anastahili picha ya kifua mapema, halafu CT, kisha kukatwa kinyama ili kipimwe. Kusubiri dozi iishe ni kupoteza muda ambao hautarudi.

Njia ya rufaa hupitia Musoma mjini, ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, kisha Bugando jijini Mwanza, hospitali ya Kanda ya Ziwa iliyofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo ndugu hupanga mapema nauli, bima, atakayemuuguza mgonjwa na watakaochangia damu.

Maandalizi yenyewe huanza na pumzi. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili; mara nyingi daktari huondoa sehemu moja nzima pamoja na tezi zilizo jirani. Kabla ya hapo mgonjwa hupuliza kwa nguvu kwenye kipimo cha pumzi, na huulizwa swali rahisi lenye uzito: je, anapanda kutoka ziwani hadi nyumbani bila kusimama njiani? Kutembea kila siku, kuvuta pumzi ndefu na kujifunza kukohoa vizuri, yote hayo hufanywa wiki kadhaa kabla, kwa sababu mtu mwenye maumivu ya kidonda hafundishiki kirahisi.

Sigara huachwa mara moja, ikiwezekana angalau wiki 4 kabla. Mwaka 1933, huko St. Louis nchini Marekani, Evarts Graham aliondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, na mgonjwa huyo akaishi miaka mingi baadaye. Graham, aliyekuwa mvutaji, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Moshi wa kuni jikoni na wa kukaushia samaki nao hauna budi kuepukwa.

Siku ya upasuaji mgonjwa hali chakula kwa saa zisizopungua 6, kisha hupewa nusu kaputi. Anapozinduka anakuta mrija umetoka ubavuni na kuingia kwenye chupa yenye maji, iliyowekwa sakafuni. Mrija hutoa hewa na damu kifuani, na maji huzuia hewa kurudi ndani. Chupa haiinuliwi juu ya kifua hata mgonjwa anapohamishwa. Viputo hupungua jinsi pafu linavyoziba. Vikikoma na majimaji yakipungua, mrija hutolewa, kwa kawaida baada ya siku chache.

Maumivu yanastahili kutibiwa kikamilifu. Anayeogopa kukohoa huacha makohozi yatuame, na nimonia hufuata. Hivyo mgonjwa hukumbatia mto kifuani na kukohoa, huketishwa kitandani siku ya kwanza, kisha hutembezwa wodini ili damu isigande miguuni. Bega la upande uliopasuliwa hunyooshwa mara kwa mara, lisije likakakamaa.

Nyumbani nguvu hurudi kwa wiki na miezi. Kuvuta nyavu, kupiga kasia, kubeba ndoo kichwani na kulima husubiri ruhusa ya daktari, mara nyingi wiki 6 hadi 8. Ganzi au mchomo kando ya kovu huweza kudumu miezi kadhaa, kwa kuwa mishipa ya fahamu kati ya mbavu iliguswa. Lakini homa, usaha, damu kwenye makohozi, mguu mmoja kuvimba au pumzi kukatika ghafla humrudisha mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Majibu ya uvimbe na tezi ndiyo huamua kama dawa za saratani zitaongezwa, na hata yakiwa mazuri, kliniki na picha za kifua huendelea kwa miaka.