Kadi Mbili za Julai 2019

Tarehe 7 Julai 2019 kampuni ya AMD iliingiza sokoni kadi ya grafiki inayoitwa Radeon RX 5700 XT. Siku mbili baadaye NVIDIA ikatoa ya kwake, GeForce RTX 2060 Super. Bei ya kuanzia huko Marekani ilikuwa moja, dola 399, na kila kadi ilibeba memori ya gigabaiti 8. Wapimaji waliikuta ya AMD inakwenda kasi zaidi kwenye gemu nyingi za wakati ule. Juu ya hapo ilitumia PCI Express 4.0, toleo jipya la sloti, wakati mwenzake alikuwa bado kwenye 3.0. Mwenye dola 399 mkononi wiki ile hakuwa na sababu kubwa ya kuiacha.

Desemba 2024 ikatoka gemu ya Indiana Jones and the Great Circle. Kwenye orodha ya mahitaji ya chini kabisa, RTX 2060 Super imetajwa kwa jina. RX 5700 XT haimo, na ukijaribu kwenye Windows gemu haiendi polepole wala haikuombi upunguze ubora wa picha, inakataa kufunguka. Mei 2025 Doom: The Dark Ages ikaja na sharti lilelile. Iliyokuwa na mbio zaidi imeachwa nje ya mlango, ya pili imeingia.

Nimeanza na hizi mbili kwa sababu maswali ya watu wanaounda kompyuta za gemu huwa yanafanana: PCI Express 5.0 imeshatoka, hii ya 4.0 si itapitwa na wakati? Nisubiri? Nibadilishe madabodi kwanza? Viwango vinavyobadilika ni vya aina mbili. Kuna vya nje, yaani sloti, waya na matundu ya kuchomekea, ambavyo kwa kawaida kipya huelewana na cha zamani. Halafu kuna vya ndani ya chipu, yaani kazi ambazo gemu inaidai kadi izifanye. Hofu ya wanunuzi huelekea kwenye vya nje. Kinachoua kadi ni vya ndani.

Kilichoiangusha RX 5700 XT ni ufuatishaji wa miale. Kwa miaka mingi mwanga ndani ya gemu ulikuwa wa kubuni: wasanii waliamua mapema kivuli kiangukie wapi na ukuta ung'ae kiasi gani, kisha wakavichora. Ufuatishaji wa miale hukokotoa njia ya mwanga papo hapo, wakati unacheza. Hesabu hiyo ni nzito mno kwa chipu isiyo na sehemu maalumu ya kuifanya. NVIDIA iliziweka sehemu hizo kwenye kadi za RTX 20 kuanzia Septemba 2018, na mwanzoni wengi waliona ni mapambo tu, kwa sababu gemu zilizozitumia zilikuwa za kuhesabika na kasi ilishuka vibaya ukiziwasha.

Mambo yaligeuka mwaka 2020. Machi, Microsoft ilitangaza DirectX 12 Ultimate, kifurushi cha uwezo ambao kadi inapaswa kuwa nao wote, ufuatishaji wa miale ukiwemo. Novemba zikafika PlayStation 5 na Xbox Series X, zote zikiwa na chipu za AMD zenye uwezo huo. Hilo la Novemba ndilo zito zaidi, na ndilo ambalo matangazo ya kadi hayakwambii. Gemu kubwa hutengenezwa kwa kuangalia kwanza mashine hizi za sebuleni. Kitu kikishakuwa ndani yake, studio hujiuliza kwa nini ilipe wasanii kutengeneza mwanga mara mbili, mara moja kwa kadi za zamani na mara moja kwa mpya. Baada ya miaka minne hivi, njia ya zamani ikaanza kuachwa.

Kwa hiyo ukitaka kujua kadi itaishi muda gani, itazame ikilinganishwa na mashine hizo. Leo hii nisingenunua kadi isiyotimiza DirectX 12 Ultimate, hata kwa bei ya kutupa, kama nia ni kucheza gemu mpya. Kwa NVIDIA maana yake ni RTX 20 kwenda juu, kwa AMD ni RX 6000 kwenda juu, na kadi zote za Intel Arc zimo. Mtego uko kwenye GTX 1650 na ndugu zake wa 1660. Nazo zilitoka 2019, kwa hiyo si za kale, lakini sehemu za kufuatisha miale hazina. Anayecheza Counter-Strike 2 na GTA V tu hatahisi upungufu wowote, na anaweza kuziba masikio kwa haya yote.

Sasa sloti. PCI Express ilipoanza kuchukua nafasi ya sloti ya AGP mwaka 2004, mabadiliko yalikuwa ya kweli: kadi mpya haikuingia kwenye madabodi ya zamani, basi. Tangu hapo matoleo yote yanaingiliana. Kadi ya RTX 50, iliyoletwa Januari 2025 na PCI Express 5.0, ukiichomeka kwenye sloti ya 3.0 inafanya kazi. Kila toleo huongeza kasi ya mawasiliano maradufu, ila gemu mara chache huijaza nafasi hiyo, na kwa kadi inayotumia njia zote 16 za sloti hasara ni ndogo. Kubadilisha madabodi kwa ajili ya namba ya sloti peke yake ni kupoteza pesa.

Kuna kadi zinazovunja kanuni hii, na bahati mbaya ndizo zinazotuhusu sana huku kwetu. Vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huanzia kwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha sita hadi cha tisa. Kasha ni jembamba na pawa saplai ni ndogo, kwa hiyo wanatafuta kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme. Radeon RX 6400 ya mwaka 2022 inaonekana kama imetengenezwa kwa ajili yao: fupi, wati 53 tu. Lakini ina njia 4 badala ya 16, na memori ya gigabaiti 4. Kwenye sloti ya 4.0 inajimudu. Kompyuta hizo zina 3.0, ambako kila njia hubeba nusu tu ya mzigo. Memori yake ndogo ikijaa, kadi hulazimika kuchota data kwenye ramu ya kompyuta kupitia kichochoro hicho, na picha zinaanza kukwama. Kwa kasha kama hilo ningetafuta RTX 3050 ya gigabaiti 6, toleo fupi: wati 70, njia 8, na miale inafuatisha. Indiana Jones inataka gigabaiti 8, kwa hiyo mahitaji yake haiyatimizi, lakini kwa mashine ya aina hiyo ndiyo chaguo lenye nafuu.

Intel Arc nazo zina sharti lao. B580, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249 na gigabaiti 12, ni kadi nzuri kwa bei hiyo kwenye madabodi ya karibuni. Inategemea kipengele kiitwacho Resizable BAR, kinachoiruhusu prosesa kuiona memori yote ya kadi kwa mkupuo. Bila hicho kasi inaporomoka, na kompyuta nyingi za ofisi nilizozitaja hazina.

Kwenye umeme siwezi kupita haraka, maana hapa kosa linaunguza. Sloti yenyewe hutoa hadi wati 75, na waya wa pini 8 hutoa 150. Waya mpya wa pini 16 ulioletwa na kadi kubwa mwaka 2022 uliyeyuka kwa baadhi ya wenye RTX 4090, wengine kwa kutouchomeka hadi mwisho, na ukafanyiwa marekebisho mwaka 2023. Ukinunua kadi ya aina hiyo, sukuma plagi mpaka isionekane nafasi. Kwa wengi wetu hatari iko kwingine: adapta za bei rahisi zinazogeuza waya wa SATA, ule wa diski, kuwa wa pini 8. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Kuidai 150 ni kuomba moto, hata fundi akikuhakikishia kwamba amewafungia wengi na hakuna aliyelalamika.

Kuhusu memori, haiongezwi baadaye. RTX 5060 Ti ya Aprili 2025 iliuzwa kwa jina moja katika sura mbili, gigabaiti 8 kwa dola 379 na 16 kwa dola 429. Chipu ni ileile. Dola 50 hizo ningezilipa bila kusita, na ningependa kumjua aliyeamua kwamba jina moja linatosha.

Draiva nazo zina mwisho. NVIDIA ilipanga kutoa draiva za mwisho za gemu mpya kwa kadi za GTX 900 na GTX 10 Oktoba 2025, na kubakiza marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. GTX 1080 Ti ya Machi 2017, yenye gigabaiti 11 na sifa zote ilizojijengea, imo kwenye kundi hilo. Bado ina nguvu. Bei yake tu ndiyo isikudanganye. Na kama monita yako ina tundu la VGA peke yake, hesabu na gharama ya adapta inayobadilisha mawimbi yenyewe, kwa sababu kadi za sasa hutoa HDMI na DisplayPort tu.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya kuiona ikiwa ndani ya kompyuta inayowaka. Nenda na flashi yenye programu ya bure ya GPU-Z. Kuna kadi za zamani kama GTS 450 zilizobadilishwa BIOS zikauzwa kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z huzitambua nyingi kwa kuandika neno FAKE mbele ya jina. Chini ya dirisha hilohilo kuna visanduku vya uwezo wa kadi. Tafuta cha Ray Tracing uone kama kina alama ya tiki. Kisha soma mstari wa Bus Interface, unaoonyesha njia ngapi zinatumika na ni toleo gani la sloti. Ukisoma 1.1 usigombane na muuzaji bado: kadi ikiwa imetulia hupunguza kasi ya sloti ili kuokoa umeme. Bonyeza alama ya kuuliza iliyo pembeni ya mstari huo, anzisha jaribio, na usome tena kadi ikiwa kazini.