Vitovu vya magurudumu ya mbele: vinafanana, lakini havilingani



Mavuno mengi hayaharibikii shambani, yanaharibikia njiani. Tuliliona tena kwenye barabara ya Sake kuja Goma: kamio imejaa viazi vya Masisi, imelala kando siku mbili sababu gurudumu la mbele lililegea. Viazi vikaanza kutoa maji. Shofere alikuwa amefunga kitovu cha kununua sokoni, kwa macho kinafanana kabisa na kile cha zamani.

Kitovu ni kile chuma cha katikati kinachozunguka juu ya rulema (wengine wanasema beringi) na kubeba rimu. Tofauti zake ni tatu.

Ya kwanza ni matundu. Kamio kubwa za Ulaya, na nyingi za China, ziko na bolti 10 kwenye mduara wa milimita 335. Kamio kubwa za zamani za Japani mara nyingi ziko na 8, kwenye mduara wa milimita 285. Tena hizo za Japani, bolti za upande wa kushoto zinakazwa kwa kugeuza kushoto. Fundi asiyejua hilo anasukuma kwa nguvu mpaka anakata uzi.

Ya pili ni namna rimu inavyokaa. Kuna rimu inayobebwa na kitovu chenyewe, na nati zake ni bapa. Kuna nyingine inayoshikwa katikati na nati zenye kichwa cha duara. Ukichanganya, nati zitaonekana zimekaza leo, kesho zimelegea.

Ya tatu ni mafuta. Vitovu vingine vinapakwa grisi, vingine vinaogelea ndani ya oili, vingine vimefungwa kiwandani na havifunguliwi. Kila kimoja kinataka matunzo yake.

Hili si jambo dogo. Mwezi wa kwanza 2002, mwezi uleule Nyiragongo ilipoteketeza sehemu kubwa ya Goma, gurudumu la mbele la kamio ya Mitsubishi lilichomoka mjini Yokohama, Japani, likamuua mama aliyekuwa anatembea na watoto wake. Kitovu kilikuwa kimepasuka. Kampuni ilisema ni matunzo mabaya. Mwaka 2004 ikakubali kwamba kasoro ilikuwa ya vitovu vyenyewe. Basi, hata kitovu kinacholingana kinaweza kupasuka. Na njia zetu za mawe ya volkano hazikionei huruma.

Kabla ya kupakia, mwambie shofere mfanye haya pamoja:

– Angalieni nati. Mstari wa kutu unaotoka kwenye nati ni dalili kwamba imelegea.
– Angalieni upande wa ndani wa tairi. Ukiona oili, muhuri umeisha.
– Wekeni mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inueni mbele kwa kriki, mtikise gurudumu juu na chini. Likicheza, fundi aangalie rulema kwanza.
– Gurudumu likiwa limefunguliwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.
– Kitovu chenye ufa hakichomewi. Kinatupwa.

Fundi akienda sokoni, aende na kitovu cha zamani mkononi, ahesabu matundu, apime mduara, aulize nati zake.

Na koperative iandike kwenye mkataba na mwenye kamio: ukaguzi kwanza, mizigo baadaye. Saa moja ya kukagua ni rahisi kuliko kumwaga viazi vya familia nyingi kando ya barabara.