Mto Uliotisha Kuliko Kiboko

Msomaji wangu mchanga, bila shaka umewahi kusoma katika magazeti ya Kiingereza kwamba wafuasi wa kiongozi fulani wamekuwa "sold down the river". Maana yake ni kuwa wamesalitiwa na mtu waliyemwamini. Je, umewahi kujiuliza mto huo ni upi, na ni nani aliyeuzwa?

Misemo mingi ya Kiingereza hutungiwa visa vya kuchekesha ambavyo havina ukweli. Huu hauchekeshi. Mto wenyewe ni Mississippi, huko Marekani, na waliouzwa walikuwa watu.

Mwaka wa 1793 Eli Whitney aliunda mashine ya kutenga pamba na mbegu zake. Matajiri wa kusini wakapanua mashamba, nayo mashamba yakataka wafanyakazi zaidi. Lakini kuanzia Januari 1, 1808, sheria ilikataza kuingiza watumwa kutoka ng'ambo. Basi wakanunuliwa humo humo nchini, katika majimbo ya juu kama Virginia na Kentucky. Wengine walitembezwa kwa miguu wakiwa na minyororo. Wengine walipakiwa katika meli za moshi mjini Louisville, wakateremka mto Ohio hadi unapoingia Mississippi, kisha wakafuata mkondo mpaka soko la New Orleans. Watu wapatao milioni moja walihamishiwa kusini kabla ya utumwa kukomeshwa mwaka wa 1865.

Aliyepelekwa huko hakutarajia kumwona tena mkewe, mamaye wala wanawe. Ndiyo sababu bwana aliyetaka kumtisha mtumwa hakuhitaji kiboko. Kuutaja mto kulitosha. Na mara nyingi aliyeuza ndiye yule yule aliyekuwa ameahidi kwamba hatauza kamwe, ila madeni yalipombana, ahadi ikasahaulika.

Mwandishi Mark Twain, aliyekulia kando ya mto huo, alisimulia habari hizi katika riwaya yake Pudd'nhead Wilson ya 1894. Mjakazi Roxana anaogopa mwanawe mchanga asije akauzwa kusini, kwa hivyo anambadilisha kwa siri na mtoto wa bwana wake. Mtoto anakua akiitwa bwana. Miaka mingi baadaye madeni yanamzidi, na Roxana, ambaye sasa ni huru, anakubali kuuzwa tena ili amwokoe, mradi tu asipelekwe kusini. Kijana anaafiki, halafu anamwuza mamaye huko huko kusini.